Sahani au Karatasi: Tathmini ya Chakula Kinachouzwa Nje ya Geti za Vyuo Vikuu Nairobi

Ukitoka geti la chuo kikuu Nairobi jioni, iwe Kahawa, Madaraka, Ngara au Parklands, chakula kimepangwa kwa utaratibu ule ule. Cha kwanza ni toroli la smoki, aina ya soseji. Hatua chache mbele kuna kioo cha chipsi kinachomulikwa na balbu, kisha duka lenye friji ya soda mlangoni. Kibanda cha ndengu, githeri na ugali kiko mbali kidogo, nyuma ya mabati, mara nyingi ng'ambo ya barabara. Sababu ni ya kibiashara. Anayeuza kitu cha kubebwa hahitaji benchi, meza wala maji ya kuoshea sahani, kwa hivyo husimama popote penye miguu mingi. Mwenye sahani anahitaji nafasi, na nafasi karibu na geti ni ghali. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye njaa hukutana na chakula cha karatasi kabla hajakifikia chakula cha sahani, na utaratibu huo una nguvu juu ya uzito wake kuliko azimio lolote alilojiwekea mwezi wa kwanza.

Tunavipima vyakula hivi kwa mambo matatu: shibe yake inadumu kwa muda gani, kinabeba kalori ngapi, na unaweza kukirekebisha vipi unapoagiza bila kuongeza pesa nyingi. Bei hatutazing'ang'ania, kwa sababu geti la Madaraka halina bei za Kahawa Wendani. Hesabu za kalori ni makadirio yanayotokana na uzito wa viungo. Mkono wa mpishi mmoja ukiwa mzito wa mafuta kuliko wa mwingine, hesabu hupanda.

Smocha

Smocha ni chapati iliyokunjiwa smoki, kachumbari na sosi, ikafungwa kwa karatasi. Unga wa kilo 2 ukitoa chapati 25, kila chapati imekula gramu 80 za unga, yaani kalori kama 290. Ongeza mafuta ya kukandia na ya kukaangia: kijiko kimoja kikubwa tu kina kalori 120. Smoki yenyewe ina uzito wa gramu 45 hivi na kalori zaidi ya 100. Ukijumlisha na sosi, umeshika mkononi kalori 500 na ushei.

Kiasi hicho si kikubwa kwa mlo mzima wa mchana. Ubaya ni kwamba hakuna anayekihesabu kuwa mlo. Smocha huliwa saa kumi jioni mtu akisubiri matatu, na saa mbili usiku ugali unaliwa kama kawaida. Humalizwa kwa dakika tatu au nne, kabla tumbo halijapata nafasi ya kuujulisha ubongo kwamba kuna kitu kimeingia.

Kasi hiyo ina uzito wake. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake katika Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 ndani ya kituo, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa sana viwandani na wiki mbili wakila vyakula vya kawaida visivyosindikwa hivyo. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula atakavyo. Katika wiki za vyakula vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Pia walikula kwa haraka zaidi. Smoki na sosi ni vya kundi hilo la viwandani. Ndengu na githeri havimo.

Kuna jambo la pili lisilohusu unene. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lilitangaza mwaka 2015 kwamba nyama ya kusindika husababisha saratani ya utumbo mpana, na kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari hiyo kwa takriban asilimia 18. Smoki moja inakaribia uzito huo. Moja kwa wiki haitishi. Moja kila siku kwa miaka minne ya digrii ni jambo lingine.

Smocha inarekebishika. Toroli nyingi zina mayai ya kuchemsha pia. Sema: "Bosi, nipe chapo na mayai, kachumbari jaza, sosi usiweke." Yai lina gramu 6 za protini na kalori 70 hivi, na hukaa tumboni kuliko smoki. Ukiondoa sosi unaondoa sukari ambayo hukuiona. Lakini itazame kachumbari kwanza. Ikiwa imekatwa asubuhi na kukaa wazi hadi jioni, vitunguu vimelegea na maji yamejikusanya chini ya bakuli, iache. Anayekata nyingine mbele yako ndiye wa kununua kwake.

Uamuzi wetu: inafaa kama mlo wa dharura mara moja moja. Kama kitafunio kati ya milo, hapana.

Chipsi

Viazi vilivyochemshwa vina kalori kama 87 kwa kila gramu 100. Vikikaangwa vikawa chipsi, gramu 100 hufika karibu 300. Maji yametoka, mafuta yameingia. Mfuko wa gramu 200 ni kalori 600, na hapo hujaongeza soseji, sosi wala soda.

Si chipsi zote zinazobeba mafuta sawasawa, na tofauti hiyo unaweza kuiona kwa macho. Mafuta yakiwa na joto la nyuzi 170 hadi 180, mvuke unaotoka ndani ya kiazi huyazuia yasiingie. Yakiwa vuguvugu, au karai likijazwa viazi hadi joto likashuka, mvuke hudhoofika na kiazi hunywa. Sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya chipsi kutolewa: zinapoanza kupoa, mafuta yaliyoganda juu hufyonzwa ndani. Kwa hivyo muuzaji anayezing'uta kwenye kichungi kwa nguvu mara tu zinapotoka amekupunguzia mafuta mengi. Anayezimwaga moja kwa moja ndani ya kioo amekuongezea.

Kosa la kawaida karibu na vyuo ni kukaanga nusu asubuhi, kisha kuzirudisha kwenye mafuta mteja akija. Zikirudishwa kwenye mafuta yasiyo moto wa kutosha hunywa mara ya pili. Nunua saa ambayo foleni ni ndefu, maana hapo zinatoka karaini moja kwa moja. Mafuta yenyewe yatazame pia: yakiwa meusi, yana povu lisilotulia na yanatoa moshi kabla viazi havijaingia, yamechoka. Karatasi ikilowa ikaonyesha vidole vyako upande wa pili kabla hujavuka barabara, umeshajua ulichonunua.

Chipsi zina kosa jingine ambalo upishi hauwezi kuliondoa. Protini ni kidogo, nyuzinyuzi ni kidogo, na baada ya saa mbili tatu njaa imerudi. Kama ni lazima, kuleni wawili kutoka mfuko mmoja, kisha kila mtu achukue yai. Bhajia na viazi karai zina hesabu hiyo hiyo pamoja na unga juu yake.

Friji ya soda

Kati ya vyote vinavyouzwa getini, hiki ndicho tungeondoa kwanza tukiruhusiwa kuondoa kimoja. Soda ya kola ya kawaida ina gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 500 basi ina zaidi ya gramu 50, vijiko 13 vya chai. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2015 unasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, na kwamba ni bora zaidi ishuke hadi nusu ya hapo. Chupa moja imemaliza posho ya siku nzima, na chai ya asubuhi yenye vijiko vitatu bado haijahesabiwa.

Kalori za kunywa zina tabia yake. Ukila mkate, chakula kinachofuata hupungua kidogo chenyewe. Ukinywa soda, sahani inayofuata haipungui kwa kiasi hicho. Kwa hivyo zile kalori 210 huongezeka juu ya mlo bila kuchukua nafasi ya chochote. Chupa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa muhula wa wiki 14, ni kalori 14,700. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni takriban kalori 7,700. Mwili haufuati hesabu hii neno kwa neno, kwa sababu ukiongezeka uzito unatumia nguvu zaidi, lakini mwelekeo ni huo.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vinastahili onyo la peke yake wakati wa mitihani. Sukari yake ni kama ya soda, na nyingi zina miligramu 30 hivi za kafeini kwa mililita 100. Kafeini hupungua hadi nusu mwilini baada ya saa tano hivi. Kopo la mililita 500 likinywewa saa nne usiku, saa tisa alfajiri bado umebeba kafeini ya kikombe cha kahawa nyepesi. Unalala vibaya, na usingizi huo mbaya unarudi kwenye sahani. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa vijana 12 wenye afya usiku mbili za kulala saa nne tu. Homoni ya shibe, leptini, ilishuka kwa asilimia 18, na ghrelini, inayoamsha njaa, ikapanda kwa asilimia 28. Hamu yao ilielekea zaidi kwenye vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Wanaosimama kwenye foleni ya smocha asubuhi baada ya kukesha kwa ajili ya kati, yaani mtihani wa katikati ya muhula, hawakosi nidhamu. Miili yao inadai.

Juisi ya kibandani isikudanganye kwa sababu ya tunda. Uliza kama imetiwa sukari, na mara nyingi jibu ni ndiyo. Kula embe lenyewe. Maji ya kujaza yanayouzwa kwenye maduka ya maji ni ya bei ndogo sana ukiwa na chupa yako, na karibu kila mtaa wenye hosteli una duka la namna hiyo siku hizi.

Kibanda

Hapa ndipo pesa ya mwanafunzi inapata thamani. Kibanda si chakula cha kupunguza uzito kwa chenyewe, na ukiagiza ovyo kinanenepesha vizuri tu. Lakini ndicho mahali pekee nje ya geti ambapo unapata maharagwe, mboga za majani na nyuzinyuzi kwa bei inayokaribiana na ya mfuko wa chipsi, tena unakaa chini ukala polepole.

Chapo ndengu ndiyo sahani maarufu. Chapati moja na bakuli la ndengu la gramu 250 huleta kalori 650 hivi, protini zaidi ya gramu 20, na shibe ya saa nne hadi tano. Mambo huharibika kwa neno moja: "mbili". Chapati ya pili ni kalori 400 za unga na mafuta, na haiongezi shibe kwa kiasi hicho. Geuza agizo: "Mama, chapo moja, ndengu dabo, na sukuma pembeni." Ndengu za ziada hugharimu karibu sawa na chapati ya pili. Zina kalori chache kuliko zake na protini mara mbili.

Githeri na nusu avokado ndiyo sahani tunayoipa alama ya juu kabisa. Sahani ya gramu 350 ina kalori 450 hivi ikiwa haikukaangwa kwa mafuta mengi, na nusu avokado ya gramu 100 inaongeza 160. Mahindi mazima na maharagwe yanahitaji kutafunwa, kwa hivyo huwezi kumaliza kwa dakika nne hata ukitaka. Ndiyo maana wengi wanaikwepa, na ndiyo maana inafaa. Githeri za shule za bweni zimewachosha watu, hilo linaeleweka. Githeri ya kibanda yenye viazi, karoti na kitunguu kilichokaangwa vizuri ni chakula kingine kabisa.

Ugali wa kibanda una tatizo la ukubwa. Kipande cha gramu 450 kimetokana na unga wa gramu 150, kalori 540 kabla ya mboga. Agiza nusu, uongeze mboga na omena au mayai. Managu, terere na kunde zikiwepo, zichukue kabla ya sukuma kwa sababu zina chuma zaidi. Mpishi akizilainisha kwa magadi, sehemu ya vitamini hupotea, kwa hivyo mboga yenye rangi ya kijani kali isiyo ya kawaida si lazima iwe ndiyo bora.

Yanayokwenda mrama kibandani ni matatu, na yote yanaonekana kwa macho. La kwanza ni supu ya kuongezewa: kijiko cha juu ya sufuria ni mafuta matupu, mwambie akoroge kwanza au achote chini. La pili ni wali, ambao hupakuliwa kwa mlima kwa sababu ni wa bei rahisi kuliko kitoweo. La tatu ni saa. Kibanda kizuri humaliza ndengu saa moja na nusu usiku, na anayetoka darasani saa mbili hukuta chapati zimebaki peke yake. Muombe mama akuwekee sahani mapema. Karibu wote hukubali wakikufahamu.

Asubuhi, baadhi ya vibanda huuza nduma, viazi vitamu na uji. Nduma mbili na yai zinashinda mandazi mbili kwa mbali: mandazi ya gramu 60 hufika kalori 200, na mbili pamoja na chai tamu hazikufikishi saa nne asubuhi.

Mesi ya chuo

Chakula ni cha kawaida, bei ni nafuu, mafuta mara nyingi ni kidogo kuliko ya nje. Ila mboga hukosa ladha, na saa za kufunga hazilingani na saa za vipindi. Ukiweza kuifikia mchana, itumie mchana.

Kupika chumbani

Hosteli nyingi za ndani ya chuo zinakataza koili, yaani meko ya umeme ya waya, na ni sawa, zimewahi kusababisha mioto. Bedsita, vyumba vya kupanga vya nje, huruhusu meko. Kikwazo hapo huwa gesi: maharagwe makavu yanaweza kula saa mbili za moto. Nunua yaliyochemshwa. Mitaa ya wanafunzi ina kina mama wanaochemsha githeri, ndengu na maharagwe kwenye sufuria kubwa juu ya makaa na kuyauza kwa kikombe kuanzia alasiri, na mama mboga aliye karibu anakukatia sukuma bure.

Kwa watu wawili: vikombe viwili vya maharagwe yaliyochemshwa, kitunguu kimoja, nyanya mbili, karoti moja, sukuma ya fungu moja. Pima mafuta kwa kijiko, vijiko viwili vya chai kwa sufuria nzima, yaani kalori 90. Ukiyamimina kutoka kwenye chupa utaweka mara nne ya hapo bila kujua. Kaanga kitunguu hadi kibadilike rangi, weka nyanya na chumvi, funika hadi zipondeke, tia maharagwe na nusu kikombe cha maji, acha dakika kumi. Sukuma iingie dakika tatu za mwisho. Maharagwe ya kuchemshwa yakikaa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa hadi usiku huchacha. Ukifika nyumbani, yafungue na uyachemshe hapo hapo hata kama utakula baadaye.

Marafiki, sherehe na maneno ya nyumbani

Chakula cha geti huliwa kwa makundi, na kundi ndilo linaloagiza. Nicholas Christakis na James Fowler walichunguza mahusiano ya watu 12,067 wa Framingham, Marekani, yaliyofuatiliwa kwa miaka 32. Katika makala yao ya mwaka 2007 waliripoti kwamba rafiki akinenepa kupita kiasi, uwezekano wa mwenzake kunenepa ulipanda kwa asilimia 57. Wengine wamehoji ni kiasi gani cha hilo ni ushawishi na kiasi gani ni kuishi mazingira mamoja. Kwa wanaokaa hosteli moja, yote mawili yapo kwa pamoja. Mtu mmoja akisema "twende kibandani" kabla mwingine hajasema "tukule chipo", meza nzima imebadilika. Ni ushawishi mdogo, na tunauona wenye thamani kuliko programu yoyote ya kuhesabu kalori.

Pombe nayo ni chakula. Gramu moja ya alkoholi ina kalori 7. Robo ya mililita 250 ya kinywaji kikali cha asilimia 40 ina takriban kalori 550, sawa na smocha moja, na kwa kawaida huchanganywa na soda na kufuatwa na chipsi saa nane usiku.

Kuna shinikizo pia ambalo halitoki chuoni. Mwanafunzi anarudi nyumbani Desemba na shangazi anamwambia, "Nairobi imekukubali." Mwili uliojaa bado unasomeka kama ushahidi kwamba mtoto anakula na hateseki. Anayepungua huulizwa kama anaumwa. Wazazi wanayasema kwa mapenzi, lakini uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uitwao STEPS, wa vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, ulikuta asilimia 27 ya watu wazima wa Kenya wa miaka 18 hadi 69 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia: asilimia 38.5 ya wanawake na 17.5 ya wanaume. Pengo hilo la jinsia tunaliona vyuoni kwa sura yake. Uwanja wa mpira jioni umejaa wavulana. Msichana anayetoka maabara saa moja na nusu hawezi kukimbia barabarani gizani, na anayemwambia "fanya mazoezi" hajampa mahali. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki ambazo WHO inapendekeza zinapatikana kwa urahisi zaidi mchana: kushuka matatu vituo viwili kabla, au kutembea na wenzako baada ya chakula cha mchana kwa dakika 20.

Mizani ya barabarani na chai ya tumbo

Mashine za kupima uzito na urefu katikati ya jiji ni huduma nzuri kwa bei yake, ila zitumie kwa akili. Vua koti, weka begi chini, hakikisha haijawekwa juu ya lami iliyoinama, na upime kwenye mashine ile ile saa ile ile. Kugawanya kilo kwa urefu wa mita uliojizidisha wenyewe kunakupa kipimo kinachotumika: 25 na zaidi ni uzito uliozidi, 30 na zaidi ni unene wa kupindukia. Kwa mtu mwenye misuli mingi kipimo hicho hukosea. Tepu ya fundi nguo haikosei sana: simama, toa pumzi, zungusha katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako.

Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni hatuzipendekezi hata kidogo. Nyingi zina sena, dawa ya kuharisha. Kalori za chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na sena hufanya kazi kwenye utumbo mpana, baada ya kalori kuisha kuingia. Kilo unayoiona imepungua ni maji, na matumizi ya muda mrefu yanaweza kushusha potasiamu hadi moyo ukapiga vibaya. Anayehitaji msaada wa kweli aanze na zahanati ya chuo.

Pesa ya HELB

Jambo linalonenepesha kimyakimya ni jinsi pesa inavyokuja. HELB, mkopo wa serikali kwa wanafunzi, ikiingia, wiki mbili za kwanza ni kuku na chipsi. Wiki za mwisho ni mkate, strungi (chai isiyo na maziwa) na noodles, pamoja na njaa ya siku nzima inayomalizwa na mlo mmoja mzito saa tatu usiku. Wingi na ukame kwa kupokezana.

Dawa tunayoiona ikifanya kazi ni kulipia kibanda mapema. Siku pesa inapoingia, lipa sahani 15 za mchana kwa mama mmoja, andikeni kwenye daftari lenye nakala mbili, moja yake na moja yako, na kila ukila mnakata mstari wote wawili. Kubalianeni sahani ni nini: chapo moja na ndengu dabo, au githeri na avokado, pamoja na mboga. Ulizia bei ya jumla, wengi hupunguza kidogo kwa mteja anayelipa mbele. Usilipie muhula mzima. Kanjo, askari wa kaunti, wakija kubomoa, kibanda kinaweza kuhama usiku mmoja, na sahani 15 ndizo hasara ambayo nyote wawili mnaweza kuistahimili.